Kamba ya Kichwani

Walter Haldane hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na mbwa wala paka. Hakuwa na gari tangu daktari wa macho amshauri arudishe leseni. Hakuwa na ndugu aliye hai isipokuwa binamu mmoja huko Kanada, ambaye akituma kadi ya Krismasi mwaka huu, mwaka unaofuata husahau. Hakuwa na kitambi, hakuwa na televisheni kubwa, hakuwa na subira na mtu anayetoa pipa la taka siku isiyo yake. Na kwa miaka minne hakuwa na jirani wa kusemezana naye upande wa kushoto, maana upande wa kushoto alikaa Crawford Imrie, na wawili hao walikuwa wamenuniana kwa sababu ya urefu wa ua uliokuwa kati ya bustani zao.

Sasa Crawford Imrie alikuwa amefariki. Alifia kwenye kiti chake, na kikombe cha chai pembeni. Aliyegundua ni Walter, kwa sababu asubuhi ile mapazia ya Crawford yalichelewa kufunguliwa, na Walter alizijua saa za mapazia ya mtaa mzima wa Lendrick. Hakuona kuwa huko ni kupeleleza. Alikuita kuangalia mambo. Mtu asipoangalia mambo, alikuwa akijiuliza, nani atayaangalia? Basi akaufuata ufunguo wa akiba wa Crawford uliokuwa bado unaning'inia jikoni kwake. Watu wale wawili walikuwa tayari kunyimana salamu hadi kaburini, lakini hakuna kati yao aliyethubutu kudai ufunguo wake urudishwe. Ufunguo ni ufunguo.

Siku mbili baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Struthers, mwenye kampuni ya mazishi, kavaa koti jeusi, kashika bahasha.

"Bwana Haldane, pole kwa msiba."

"Asante, ila msiba si wangu," Walter akasema. "Tulikuwa majirani tu. Na tulikuwa hatuongei."

"Hilo nalifahamu." Struthers akampa bahasha.

Ndani mlikuwa na kadi ndogo nyeupe yenye mchoro wa jeneza, na namba zimelizunguka, moja hadi nane. Walter alikwisha pokea kadi za namna hiyo mara nyingi maishani, kama mwanamume yeyote wa umri wake katika mji wa Kilmorrick. Kule marehemu hashushwi na wachimba kaburi. Hushushwa na watu wake, kila mmoja na kamba yake, na kila kamba ina namba yake. Walter daima alikuwa mtu wa namba sita, mara chache namba tano, wale wa ubavuni. Namba moja iko kichwani, namba mbili miguuni. Namba moja ni ya mtoto mkubwa, au mume, au ndugu wa tumbo moja.

Chini ya mchoro paliandikwa: Bwana W. Haldane, namba 1.

Walter aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akasoma tena.

"Umekosea nyumba."

"Sijakosea nyumba, Bwana Haldane. Kazi hii nimeianza nikiwa na nywele."

"Basi umekosea namba."

"Namba alinipa mwenyewe. Mwaka jana alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake, akakaa, akanitajia watu wanane, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kumtaja ulikuwa wewe." Struthers akaivaa kofia yake. "Mazishi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Vaa viatu visivyoteleza."

Akaondoka. Walter akabaki kizingitini, kadi mkononi.

Haukupita muda Isbel Purdie wa nyumba ya ng'ambo akavuka barabara na sahani ya kashata za maziwa alizozifunika kwa leso. Isbel alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti ya kusikika hadi kituo cha treni hata anaponong'ona.

"Nasikia umepewa ya kichwani," alisema kabla hajakaa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimemwona Struthers anaingia na bahasha, anatoka mikono mitupu. Halafu nimekuona wewe umesimama mlangoni, mlango wazi, joto lote la nyumba linakwenda mitaani. Walter Haldane kuacha joto litoke? Nikasema, huyu amepewa ya kichwani."

Walter aliwasha birika. "Isbel, niambie wewe. Kwa nini mimi? Nilimshtaki kwa halmashauri. Walikuja watu wawili na ngazi wakapima ua wake mbele ya wapita njia. Tangu siku ile hajanijibu hata 'habari ya asubuhi'."

"Si kwa sababu ya Ogilvy?"

"Ogilvy ana nini?"

Isbel alikuwa na kashata njiani kuelekea kinywani. Akairudisha sahanini.

Hapa yafaa tuseme kidogo habari za Ogilvy. Crawford Imrie alikuwa mwigizaji, na kwa miaka kumi na sita Uskoti nzima ilimtazama kila Ijumaa jioni katika mchezo wa kuchekesha uitwao *Yanatuhusu*. Mchezo ulihusu mtaa kama ule wa Lendrick, nyumba za chini zenye bustani mbele, na bwana mmoja anayeitwa Ogilvy ambaye hakuna jambo la mtu lisilomhusu. Ogilvy alikuwa akichungulia juu ya ua, anakohoa, halafu anasema, "Mimi sisemi neno, ila…" Watoto shuleni waliliiga neno hilo, na makondakta wa treni nao hawakubaki nyuma. Walter alitazama vipindi viwili vya mwanzo akazima. Alimwambia Crawford waziwazi, enzi zile wakiongea, kwamba hakuna mtu wa namna ile duniani, na kwamba mwandishi angetembea kidogo aone jinsi watu wa kawaida wanavyoishi. Crawford alimsikiliza kwa makini sana. Hata alimwomba arudie.

"Walter," Isbel akasema sasa, taratibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "usinitanie."

"Sitanii. Ogilvy ana nini?"

"Ogilvy ni wewe."

Walter akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kisicho na wa kukisindikiza. "Mimi? Ogilvy ni mpumbavu. Ogilvy anapima ua wa jirani kwa pimamaji."

Isbel aligeuza macho polepole kuelekea dirishani, ambako palilala ubao mrefu wenye kichupa cha maji katikati.

"Hiyo ni pimamaji," Walter akasema.

"Naiona."

"Ni ya rafu."

"Rafu gani, Walter?"

Walter akafungua kinywa. Katika nyumba ile hapakuwa na rafu hata moja iliyowekwa tangu mamake afariki. Akakifunga.

"Mtaa mzima tunajua," Isbel akaendelea, na sasa alikuwa amelegea uso kama mtu aliyekanyaga paka gizani. "Crawford mwenyewe hakuficha. Kila ulichomwambia kwenye ua, Ijumaa tulikuwa tunakisikia. Ile ya kumpigia kasisi simu kwamba kengele inachelewa. Ile ya kumrudishia mama Gourlay chupi zake zilizopeperushwa na upepo, ukazikunja na kuzitia kwenye mfuko ulioandikwa jina lake. Sisi tulidhani unajua, na unaona fahari. Halafu ulipomshtaki kwa ajili ya ua tukasema, aa, sasa amechoka kuchekwa."

"Mlikuwa mnatazama?"

"Tulikuwa tunakutana kwangu. Kila Ijumaa. Hukuona taa, viatu mlangoni?"

"Niliona," Walter akasema. "Nilidhani ni kikundi cha Biblia."

"Kikundi cha Biblia chenye vicheko vile?"

"Nilidhani mmefika mahali pazuri."

Isbel alitaka kucheka, akaona uso wa Walter, akainuka. Aliacha kashata zote, akaondoka bila kunywa chai, na hilo pia halikuwahi kutokea.

Jioni ile televisheni ilirudia *Yanatuhusu* kwa heshima ya marehemu. Walter alikaa mbele ya kile kitelevisheni chake kidogo akiwa bado na viatu. Alimwona Crawford amevaa fulana ya sufu ya kijivu kama yake, ameweka kalamu mbili mfukoni kama anavyoweka yeye. Alimwona anatembea na mikono nyuma, kifua mbele, anasimama penye kila pipa la taka kulisoma namba. Alimsikia anamweleza mwanamke kijana namna ya kumlaza mtoto wake, na watu wasioonekana wanaangua kicheko. Walter aliyakumbuka maneno yale. Alimwambia mama mmoja mgeni mtaani, na aliamini siku ile kuwa amemsaidia. Yule mama alihama mwaka uliofuata.

Kilichomshtua zaidi ni macho. Kabla ya kila neno, Ogilvy aliangalia juu ya ua kwa macho ya mtu aliyesimama nje ya duka lililofungwa, anayetumaini bado kuna mtu ndani. Walter hakujua kuwa ana macho yale. Hakuwahi kuyaona kwenye kioo cha kunyolea. Crawford aliyaona, akayachukua, akayaonyesha watu milioni moja, na watu wale walicheka, lakini walikuwa wakirudi kila Ijumaa.

Akazima. Kadi ilikuwa juu ya ukingo wa meko, imeegemea saa. Nchi nzima ilimjua isipokuwa yeye. Na bado, katika watu wote, aliyeitwa kusimama kichwani ni yeye. Alijaribu kukasirika akashindwa kuikamilisha hasira, kwani kila alipoitazama ile namba moja kifua kilijaa kitu kingine. Shuleni, jeshini, kazini kwenye bohari ya mabasi, kanisani: hakuna mahali ambapo mtu yeyote aliwahi kumtaja Walter Haldane wa kwanza.

Asubuhi yake Morven alikuja. Alikuwa mtoto pekee wa Crawford, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, daktari wa mifugo kule Stonehaven. Alisimama ukumbini bila kuvua koti.

"Karibu, mwanangu. Birika liko motoni."

"Sikuja kunywa chai, Bwana Haldane. Nimekuja kukuuliza ulimfanyia nini baba yangu."

"Nilimshtaki kwa halmashauri."

"Najua hilo. Nauliza ulimfanyia nini kizuri." Akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti kavu. "Namba moja, wewe. Namba mbili, mjomba Rab, ambaye hawezi kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Kisha hao wazee wenzake wa klabu. Namba nane, yule anayemkatia majani. Anayekata majani, Bwana Haldane."

"Na wewe?"

"Mimi nimeachiwa nichague pai ya nyama au kuku, kwa ajili ya chakula cha baada ya mazishi."

Walter alikuwa ameitazama kadi yake kwa siku nzima na usiku, wala hakujiuliza jina la Morven liko wapi.

"Lakini wewe ndiye mwenye msiba," akasema. "Unaweza kubadilisha. Mwambie Struthers."

"Nibadilishe neno la mwisho la baba?" Sauti yake haikupanda. "Alikaa chini akahesabu watu wa kumshusha. Akahesabu, akahesabu, hadi akamfikia mkata majani, mimi sikumjia akilini. Mimi kazi yangu ni kuvuta ndama kwa kamba kwenye matope, saa yoyote wananiita. Kama kuna mtu duniani anayejua kushika kamba, ni mimi. Yeye anajua hilo. Alijua. Hakunitaka pale, basi. Sijipachiki."

"Morven…"

"Kanisani nitakuja. Makaburini sifiki. Nyinyi wanaume mfanye mambo yenu."

Hapo ndipo Walter angesema, chukua yangu. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Lakini macho yake yalikwenda kwenye meko, kwenye ile kadi, na kinywa kikagoma. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kumwambia jirani, siku ile alisimama bubu. Morven alingoja kidogo, akatikisa kichwa, akatoka. Gari lake lilikata kona kuelekea barabara kuu ya kaskazini.

Walter alimpigia simu mchana, haikupokelewa. Akapiga jioni, ikakatwa.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa Struthers. Ofisi ilinukia nta na maua. Struthers alikuwa anajaza karatasi, akainuka.

"Bwana Haldane. Kuna tatizo la kamba?"

"Nina maswali."

"Nilidhani utakuwa nayo."

"La kwanza. Kwa nini mimi?"

Struthers akaweka kalamu chini. "Alisema, mtu huyu amenilisha miaka kumi na sita na hajawahi kuniomba hata tiketi. Alisema alikuwa anaona haya kukwambia. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo haya ilivyozidi. Ulipomshtaki kwa ua, alifurahi. Alidhani umeshajua na mmelipizana."

"La pili. Kwa nini hakumwandika binti yake?"

Struthers alikwenda, akafunga mlango.

"Nilimwuliza neno hilo hilo. Nikasema, na Morven? Akaniambia, 'Usimwandike. Tulipomzika mama yake, alisimama njiani na shangazi zake, mikono mfukoni. Niliona anataka kuja pale kaburini. Nami nilitaka aje, nikaogopa wazee watasema. Wanawake hawashiki kamba. Sitaki siku yangu wamtolee macho mwanangu.' Ndivyo alivyosema."

"Lakini siku hizi wanashika," Walter akasema. "Wajukuu wa mzee Gourlay walishika, wasichana wote wawili. Hilo nani asiyelijua?"

"Baba yake Morven hakulijua. Alikuwa haendi mazishini tangu mkewe afariki. Nikamwambia, Bwana Imrie, wiki jana tu mwanamke alishika ya kichwani hapa hapa Kilmorrick, na mbingu hazikuanguka. Akanitazama. Akasema, 'Kweli?' Kisha akakaa kimya sana. Mwisho akasema atalifikiria, atarudi tulizungumze. Hakurudi. Moyo ulikuwa umeshaanza kumsumbua."

Walter alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo ile orodha haikuwa imekamilika."

"Orodha nimeiacha kama alivyoiacha yeye."

"Na Morven? Alikuwa hapa juzi, amekaa kwenye kiti hiki hiki. Hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza?"

"Alisoma majina, akasema 'nimeelewa', akakunja karatasi. Bwana Haldane, sisi hatusemi tusiloulizwa. Watu wa kazi hii wakianza kuingilia mambo ya familia, wamekwisha. Mtu akitaka kujua, atauliza."

Walter alimtazama mtu yule muungwana, kola safi, kucha safi, mikono imekunjwa juu ya karatasi. Binti wa watu alikuwa amekaa palepale akiamini kuwa baba yake alimsahau, na ukweli ulikuwa mbele yake umbali wa meza moja, umefunga mdomo kwa adabu.

"Nataka anwani yake," akasema. "Ya Stonehaven."

"Sijui kama naruhusiwa."

"Mimi siulizi kama unaruhusiwa. Nakuuliza anwani. Umesema mtu akiuliza utamjibu."

Struthers akachukua kalamu, akaandika.

Nyumbani Walter alikaa mezani hadi chai ikapoa mara mbili. Alirarua karatasi ya kwanza kwa sababu alikuwa amejieleza mno. Ya pili aliianza hivi:

"Mpendwa Morven. Nilimwuliza Struthers swali ambalo wewe hukuuliza, nami sitakuomba radhi kwa hilo." Kisha akaandika yote aliyoambiwa, neno kwa neno kadiri alivyokumbuka: mikono mfukoni, hofu ya wazee, lile "Kweli?" na ule ukimya baada yake. Hakuongeza lake. Ilimgharimu kutoongeza.

Akaandika tena: "Namba moja ni yako. Naiweka ndani ya bahasha hii. Kama hutaki kubadilisha neno la baba yako, hutakuwa umelibadilisha, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa, na mwenye kupewa anaweza kutoa. Mwite Struthers umwambie nimekupa." Hapo kalamu ilisita. Aliitazama kadi mara ya mwisho, jina lake na ile namba. Kisha akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka na juu yake akaandika jina la Morven kwa herufi kubwa.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa maelekezo. Asivae glovu za sufu, zinateleza kamba ikilowa. Asiizungushe kamba kiganjani hata kidogo, aiache ipite. Asimame mguu mmoja nyuma, kwa maana ukingo wa upande wa kichwa pale Kilmorrick ni wa udongo laini. Amwangalie Struthers usoni, si shimoni. Mjomba Rab atakuwa miguuni, na Rab ana kawaida ya kuachia mapema, kwa hiyo aseme naye kabla, tena kwa ukali. Pai ziwe za nyama. Na kama atahitaji mtu wa kushika mkoba wake, Walter Haldane atakuwa amesimama njiani.

Alisoma tena ukurasa ule, akaona ni mrefu mno, akaona kila neno lina kazi yake. Akauacha.

Akakunja karatasi, akaiweka kadi katikati, akalamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa ngumi hadi ikashika. Akabandika stempu ya haraka. Alipotoka, pazia la Isbel lilitikisika, kisha dirisha likafunguliwa.

"Unamwandikia nani, Walter?"

Alipita bila kugeuka. Kwenye kona aliitia bahasha kwenye tundu la sanduku jekundu la posta, akaishikilia kidogo kwa ncha za vidole, akaiachia.